Kwa Kamisi

Mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Hiyo ni methali ya watu wa kale, na maneno yake nayo yamezeeka. Kuchama ni kuhama, ago ni kambi, na kuuya ni kurudi. Kitenzi kilichobaki hapo katikati hakihitaji mfasiri, kwani hakuna kabila lisilokijua. Mtu anayeondoka mahali asipachafue kwa kuwa tu anaondoka, maana miguu haina kiapo. Wapo wanaoisikia methali hii wakacheka. Kamisi wa Oli hakuisikia, akachekwa yeye.

Oli iko ukingoni mwa mji wa Arua, mahali ambapo nyumba zinateremka kuelekea mtoni kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji. Viwanja ni vidogo, majirani wamebanana, na mtu akipiga chafya kwake anaombewa afya nyumba ya tatu. Kamisi, mzaliwa wa Dranya kule Koboko, alikuwa na kiwanja juu kabisa ya mteremko, na bucha barabarani. Alijivunia kwamba hapo Oli hakuna aliyekaa juu yake isipokuwa Mungu. Chini kidogo ya nyumba yake, pembeni mwa kiwanja, palikuwa na chemchemi, na mtaa mzima ulichota hapo.

Mwaka 1973 bwana afya mmoja aitwaye Enoch alipita mtaani nyumba kwa nyumba, baiskeli mkononi na ufito wa kupimia begani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mpango wake ulieleweka na kila mtu. Chemchemi izungushiwe uzio, na juu yake uchimbwe mfereji wa kukinga maji ya mvua yasisombe uchafu. Kila nyumba iwe na choo cha shimo mbali na maji, shimo la taka, na tuta la mboga.

"Ugonjwa si mwizi," alisema Enoch. "Ugonjwa ni mgeni wa kualikwa. Mnaualika leo, unafika baada ya miaka, nanyi mmeshasahau kwamba mlipeleka mwaliko."

Wanawake wa Oli walimwelewa upesi kuliko waume zao, kwa kuwa wao ndio waliofua nepi. Aliyewaongoza alikuwa Alphonsine, mama wa Kikongo aliyevuka mpaka zamani na madumu yake ya mafuta ya mawese. Mikono yake ilikuwa minene kama mchi, na ulimi wake haukuwa na kifuniko. Wanawake walishika majembe, na mfereji ukachimbwa kabla mvua hazijaanza. Ulipita nyuma ya nyumba ya Kamisi. Yeye alikuwa amekaa kibarazani akichokoa meno.

"Mzee Kamisi," Enoch alimwambia, "choo chako kitakaa upande ule wa chini. Nimekwisha pima."

"Choo?" Kamisi alicheka mpaka kijiti kikamdondoka. "Nichimbie makalio ya nani? Mimi iko nahama. Binamu yangu sajini amenipatia duka Koboko, lile ambalo mwenyewe Mhindi alifukuzwa nchini. Wewe pima, pima sana, lakini usinipime mimi."

Siku ya kuhama lori lilisimama barabarani likinguruma. Kamisi alikuwa na furaha, na kuna watu ambao furaha huwafanya wabaya. Aliiona mipapai yake mitatu yenye matunda yaliyoanza kuiva, akaikata yote. "Papai langu asilile mtu," alisema. Akakusanya masazo ya bucha, yaani pembe, kwato, na matumbo yaliyooza, akayamwaga ndani ya mfereji wa akina mama. Kisha, dereva akipiga honi, tumbo likamwita. Kugonga kwa jirani na kuomba choo aliona ni kujishusha. Alichuchumaa pale pale mferejini, akamaliza haja yake bila haraka, kama mtu anayetia sahihi.

Alipokuwa anafunga mkanda, Alphonsine akatokea na debe lake.

"Weye Kamisi! Kule ni juu ya maji!"

"Maji ya nani, mama? Mimi naenda Koboko. Kule maji iko mingi."

"Mutu anahama. Maji haihami."

"Basi kunyweni, mutanikumbuka!" Kamisi alijibu, akapanda lori huku akicheka. Juu ya mizigo, mkewe Madinah alikuwa amekaa juu ya godoro. Alikuwa ameona yote, kwa kuwa juu ya mizigo mtu huona mbali. Alijivuta mtandio usoni, na hakucheka.

Duka la Koboko lilikuwa na kila kitu isipokuwa chakula. Kulikuwa na soda, biskuti, maziwa ya kopo, nyama ya kopo na sukari, magunia kwa magunia. Kamisi alikuwa mwenye duka na mteja mkubwa kuliko wote. Asubuhi alikunywa chai tamu iliyogandisha midomo, mchana alifungua kopo la nyama, jioni alishushia kwa soda. Madinah alipika dodo, ule mchicha ambao Arua na Koboko nzima huulia ugali wa muhogo, akautia simsim iliyosagwa mpaka jirani wakameza mate. Kamisi aliisukuma sahani kwa kidole kimoja.

"Majani? Mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi hukimbia," Madinah alisema. "Wewe hata kutembea umeacha."

Ilikuwa kweli. Safari zake zote zilikuwa kutoka kitini kwenda mkekani, na kutoka mkekani kurudi kitini. Mwaka wa pili tumbo lake lilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Mwaka wa tatu ilimwingia kiu isiyokatika. Alikunywa maji kama mchanga, na maji hayo hayo yakamwamsha kila mara kutoka nje. Kidole cha mguu kikaota kidonda kidogo kama punje ya mtama, na kidonda hicho kikakataa kupona. Kamisi alisema amerogwa na wenye wivu.

Mambo mengine hayakungoja uganga. Sukari ilitoweka nchini kana kwamba imeyeyukia kwenye chai ya taifa zima. Binamu sajini akahamishwa mbali. Wiki haikupita, mtu mwingine mwenye kofia ya jeshi na shingo nene kuliko ya binamu akaingia dukani, akakaa kwenye kiti cha Kamisi, akamwambia asante kwa kukipasha moto. Cha kupewa hakina ubishi. Kamisi alitoka akichechemea.

Daktari wa hospitali kule Arua alimtazama mguu, akampima mkojo, akavua miwani.

"Baba, hujarogwa. Una ugonjwa wa sukari. Huu hauishi, lakini unaweza kuishi nao mpaka ukaona vitukuu. Sukari uache. Kula mboga na maharage, ugali kiasi, na utembee. Kidonda ukioshe kila siku kwa maji safi yaliyochemshwa. Na kila mwezi nikuone hapa. Ukizembea, mguu huu nitaukata mimi mwenyewe." Akaandika, akauliza, "Koboko ni mbali. Huna nyumba hapa mjini?"

Kamisi alikohoa. "Iko," alisema kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi aliyeulizwa nani kavunja dirisha.

Alipomwambia Madinah kwamba wanarudi Oli, mwanamke huyo alifunga kitenge kiunoni akaanza kupanga vitu vyake katika furushi lake peke yake.

"Unarudi wewe. Mimi nakwenda Dranya kwa mama. Najua tulivyopaacha pale, nilikuwa juu ya lori. Siku patakapokuwa pa kukaa watu, pana choo, pana maji, pana mboga, tuma habari. Mama atakuja kwanza kupaona. Akiridhika, nitakaa. Asiporidhika, utaoa jalala lako."

Kamisi alikuwa amepoteza duka bila kulia. Mguu aliuogopa, lakini aliamini ana mwingine. Madinah, ambaye alimwoshea kidonda kila asubuhi bila kuziba pua, hakuwa na mwingine. Ndani ya basi la kwenda Arua, mtu huyo mkubwa alijifuta macho kwa kofia yake na kusingizia vumbi.

Aliposhuka alimkuta mwanamke akiuza muhogo wa kuchemsha kwenye njia panda ya Oli. Hakumfahamu, naye mwanamke hakumfahamu.

"Dada, njia hii bado inafika kwenye chemchemi?"

"Inafika. Wewe shuka tu. Ukisikia harufu, hapo ni Kwa Kamisi. Usisimame. Ziba pua, pita mbio."

"Kwa... nani?"

"Kwa Kamisi. Jalala."

"Huyo Kamisi ni mutu gani?"

"Nitajuaje? Pengine alikufa kwa uchafu wake." Mwanamke akamgeukia jirani aliyepita na karai la maganda ya muhogo. "Unatupa wapi?"

"Kwa Kamisi, nakuja sasa hivi!"

Kamisi aliteremka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akitamani jina lake lijulikane mjini. Sasa kila mtu alilitaja, kila siku, akiwa ameshika pua. Mahali alipoanza yeye kutupa, wengine walifuata, kwa sababu uchafu huita uchafu. Kiwanja kilikuwa kichuguu cha maganda, majivu, viatu na makopo, na katikati yake pembe za ng'ombe zilichomoza kama kundi lililozikwa hai likitafuta njia ya kutoka. Nyumba ilikuwa imebaki kuta na nusu paa. Upande wa pili wa mteremko wanawake walikuwa wamechimba mfereji mwingine, na chini yake chemchemi ilikuwa imezungukwa na uzio wenye mlango.

Kando ya mlango alikaa Alphonsine. Miaka ilikuwa imemwongezea mvi, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Ee! Kamisi! Tulisema uliliwa na Koboko, kumbe ni weye ulikula Koboko!"

"Mama Alphonsine, salamu baadaye. Nina kiu. Kiu ya ugonjwa."

"Kiu iko. Choo iko?"

"Choo gani tena?"

"Sikia. Weye ulipotoka, mvua ya kwanza ikaleta zawadi yako yote hapa. Oli muzima tuliharisha. Katekista alikimbia katikati ya sala, na batu wote nyuma yake, hakuna aliyesema amina. Tulipopona tukaweka sheria. Nyumba yenye choo, shimo ya taka na dodo, inachota. Nyumba isiyo nayo, inapanda mbali mpaka Aroi kutafuta maji kwa shemeji. Sheria hii haina Mukongo, haina mutu wa Koboko, haina binamu wa sajini."

Kamisi aliinamisha kichwa. Alitazama maji yakitiririka nyuma ya uzio, meupe, yakicheka. Alphonsine naye alimtazama yeye, miguu iliyovimba, midomo iliyopasuka. Akaingia ndani ya uzio akarudi na kikombe kilichojaa.

"Kunywa. Kikombe ni ya mugeni. Debe ni ya jirani. Leo weye ni mugeni."

Kesho yake Kamisi aliazima jembe. Habari zilienea mtaani haraka kuliko moto wa nyasi, na watu wakaja kutazama kama wanaotazama ngoma. Wengine walileta viti. Kila alipochimbua pembe, mtu alimuuliza kama huyo ng'ombe alimfahamu kwa jina. Alipotua kupumua, akina mama walimpigia vigelegele. Enoch, ambaye sasa alikuwa na kitambi kidogo cha heshima, alikuja na ufito wake, akapima kutoka shimoni mpaka kwenye maji.

"Karibu mno. Fukia. Chimba kule chini."

"Bwana afya, nimefika kiunoni!"

"Hata ungefika Sudani. Ni pale pale nilipokuonyesha ukakataa kunisikia, chini kule. Pamekungoja."

Kamisi alifukia, akachimba tena, na maji ya kuoshea kidonda akayafuata Aroi. Jasho lilimtoka kama mtungi unaovuja. Siku za kwanza alilaani, halafu akaimba nyimbo za jando, halafu akanyamaza akachimba tu. Jalala alilifukia kidogo kidogo, na kile kilichooza zamani akakisambaza kuwa udongo mweusi wenye mafuta. Alphonsine alimtupia mbegu za dodo na kunde, pamoja na matusi ya kuziotesha. Mboga zilikuja juu kwa hasira, majani mapana kama masikio ya tembo. Kamisi, ambaye hakuwa na kopo wala soda, alikula alichopanda. Alisema ni kwa sababu ya shida. Baadaye akaonekana akijipakulia mara ya pili.

Choo kilipokamilika, chenye kuta zilizosilibwa kwa udongo na kunyunyiziwa majivu ndani, Alphonsine mwenyewe alimfungulia mlango wa uzio. Kamisi alijaza debe lake la kwanza akalibeba kama mtu anayebeba mtoto wa kwanza. Mwezi huo daktari alimgeuza mguu huku na huku, akauliza ametumia dawa gani.

"Jembe," alisema Kamisi. Kidonda kilikuwa kimefunga mdomo, na tumbo lilikuwa limerudi kutembea sambamba na mwenyewe.

Ndipo alipotuma habari Dranya kwa dereva wa lori la tumbaku: pana choo, pana maji, pana mboga. Jibu likaja kwamba Mama Keji, mamamkwe wake, angefika siku ya Jumamosi pamoja na Madinah. Kamisi alifagia uwanja mpaka ukang'aa. Akafikiri juu ya kila kitu. Jambo moja tu halikumpitia kichwani, nalo lilikuwa jambo ambalo kwao hata mwehu hulijua.

Kwa watu wa Koboko, mkwe na mamamkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu hata wakiwa hatua mbili. Na kuchangia choo? Afadhali nyumba iungue.

Mama Keji alifika, mwanamke mrefu, mkavu kama fimbo. Kamisi alikaa nyuma ya nyumba, mgongo umeelekezwa kwa wageni, kama adabu inavyodai, masikio yakiwa yamesimama kama ya sungura. Alimsikia Mama Keji akizunguka. Alimsikia akivunja jani la dodo na kulinusa. Alimsikia akiguna, na mguno huo ulikuwa mzuri. Moyoni alikuwa ameshaanza kumpokea Madinah furushi lake.

Lakini barabara ya kutoka Koboko ni ndefu na imejaa mashimo, na kila kituo mtu alikuwa amemkaribisha Mama Keji chai. Alisimama ghafla mbele ya choo.

"Madinah. Hiki ni cha nani?"

"Cha hapa nyumbani, Mama."

"Mumeo hukitumia?"

"Kwani atatumia cha nani?"

"Toba! Mimi na mkwe wangu shimo moja? Unataka nife na aibu?" Sauti yake ilikuwa imebana, na miguu yake pia. "Na kichaka kiko wapi? Mji gani huu usio na kichaka? Haya, ile migomba kule juu itanitosha."

Migomba ile ilikuwa juu ya chemchemi.

Nyuma ya nyumba, Kamisi alipiga hesabu. Akinyamaza, mamamkwe ataharibu maji ya mtaa mzima, na watu hawatauliza nani alichuchumaa. Watasema ni Kwa Kamisi. Akisema, atakuwa amemwita mamamkwe wake kwa haja yake mbele za watu, na Madinah atarudi Dranya siku hiyo hiyo. Alizisikia hatua za mwanamke zikipanda, za haraka, za mtu asiye na nafasi ya mashauri. Akajifunika kofia usoni, akakimbia kinyumenyume akipanda mteremko, akijikwaa kwenye matuta, akipunga mikono nyuma kama jogoo anayetaka kuruka.

"Madinah!" alipiga kelele. "Mwambie Mama! Mwambie pale chini yake watoto wanakunywa! Mwambie avunje choo changu nitachimba kingine, anichape, anitoze mbuzi, lakini si pale!"

Akaanguka chali kwenye dodo, kofia ikiwa bado usoni, akabaki hapo hapo asije akamwona mtu asiyepaswa kumwona.

Majirani walitoka milangoni. Kisha Alphonsine, pale mlangoni mwa uzio, akavunjika kwa kicheko kilichofika mtoni. Bila kungoja mfasiri, alimshika Mama Keji mkono. "Mama, njoo kwangu. Choo yangu haina mukwe, haina mume, iko na mufuniko." Wakaondoka mbio, wanawake wawili wazima, wakiwa wameshikana kama wasichana wanaokimbia mvua.

Mama Keji aliporudi alikuwa mtu mwingine. Hata mabega yake yalikuwa yameteremka. Alikaa juu ya mkeka, akaomba maji, akanywa taratibu, akaonja tena. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye matuta, ingawa alikuwa akimtazama Madinah.

"Mwambie huyo mtu aliyelala kwenye mboga kwamba ameniita mbele za watu. Hiyo ina faini, na faini ni choo. Achimbe cha pili, cha wageni, chenye mlango wa mbao. Nikija tena nataka kukikuta."

"Unakuja tena, Mama?" Madinah aliuliza.

"Kwani wewe hubaki?"

Madinah alilichukua debe lililokuwa mlangoni akateremka nalo kwenye chemchemi, na Alphonsine akamfungulia. Kamisi, chini ya kofia yake, alisikia maji yakigonga bati, yakajaa, yakabadili sauti. Alinyoosha mkono akapapasa majani, akatafuta mpini wa jembe, akainuka nalo. Lakini kabla ya kupiga pigo la kwanza aliita kwa unyenyekevu, mgongo ukiwa bado umegeuzwa, "Madinah, muulize Mama anataka mlango utazame upande gani."

Hapo Oli jina lake bado wanalitumia. Siku hizi mtu akisema anakwenda Kwa Kamisi, ana kikapu, anakwenda kuomba mboga. Hivyo ndivyo walivyosema wahenga, nao hawakukosea: mchama ago hanyele, huenda akauya papo.